Damu ya Twaibu Ilipanda Ndeke

Twaibu Bulaimu aliuza samaki wa kukaushwa katika soko la Kindu kwa miaka mingi, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona hospitali. Si kwamba hakuugua. Aliugua kama sisi sote, malaria na tifoidi, maana Kindu hakuna ugonjwa mwingine. Ukiumwa kichwa, ni malaria. Ukivunjika mguu, wakikupima watakuta tifoidi. Na ukifa, hapo ndipo inajulikana kwamba haikuwa malaria wala tifoidi. Alikuwa ni shangazi yako, mlozi aliyekuroga.

Mke wake, Rachida, alikuwa na ulimi unaoweza kukwangua magamba ya samaki bila kisu. Wateja walimjia Twaibu kwa ajili ya samaki wa Lokandu, wakabaki kwa ajili ya kumsikiliza Rachida akimsema mumewe. Ndoa yao ilikuwa nzuri.

Ili kuelewa yaliyompata Twaibu lazima turudi mwaka 2002, wakati mji wetu ulipokuwa ukikombolewa na pande mbili kwa mpigo. Waasi wenye sare walikuwa ndani ya mji, wakitukomboa kwa kuchukua mbuzi. Wapiganaji wa msitu walikuwa wameuzunguka mji, wakitukomboa kwa kuzuia mihogo isiingie. Sisi raia tulikaa katikati, tumekombolewa hadi mbavu zinahesabika. Aliyetoka kwenda shambani aliitwa jasusi wa msitu aliporudi, na aliyekutwa shambani aliitwa jasusi wa mji kabla hajang'oa hata shina moja.

Twaibu alikuwa kijana asiye na mke. Njaa ilipomzidi alivuka mto hadi Alunguli, akapita bustani za mwisho, akaenda kuchimba mihogo katika shamba la marehemu mama yake. Hakufika. Wapiganaji walimkamata njiani. Mkubwa wao aliitwa Assani, kijana kama yeye, ambaye kabla ya vita alikuwa akisukuma baiskeli za mafuta ya mawese. Sasa alikuwa na bunduki, kofia ya manyoya na falsafa.

"Sisi hatulazimishi muntu," Assani alimwambia. "Utaingia kwa hiari, ao utaingia kwa fimbo."

Twaibu akachagua hiari.

Walimpeleka mahali palipopangwa vijana mstari mmoja, vifua wazi. Mganga wao alikuwa na wembe mmoja na kopo la unga mweusi. Alimchanja kijana kifuani, akapaka unga kwenye damu, akafuta wembe kwa jani, kisha akamgeukia anayefuata. Mbele ya Twaibu alisimama Israël, mtoto wa katekista, akisali chini kwa chini, ili pande zote mbili za mbinguni ziwe na habari.

Zamu yake ilipofika, Twaibu, ambaye alilelewa na mama msafi, aliuliza: "Huu wembe hamuuoshi?"

"Ukiuosha, nguvu inatoka," Assani akajibu.

Na kweli haikutoka. Ilihama kutoka kifua kimoja kwenda kingine, kwa utaratibu mzuri, hadi mwisho wa mstari.

Baada ya hapo waliambiwa kwamba risasi zitageuka maji, mradi wasile sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, wasipokee kitu mkononi mwa mwanamke, na wasigeuke nyuma. Twaibu alipewa sufuria ya maharagwe aibebe, kwa kuwa jeshi linahitaji pia mashujaa wa chakula. Siku ya mapambano ya kwanza, risasi ilipiga sufuria. Maji yalitoka kwa wingi, tena ya moto. Twaibu hakungoja kujua zaidi. Alitupa sufuria, akageuka nyuma, akakimbia kuelekea mtoni, na humo njiani akampita Israël, ambaye alikuwa ameanza kukimbia mapema zaidi. Hawakuonana tena kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata amani ikatangazwa. Wakombozi wote wakakumbatiana mbele ya wageni waliokuja na helikopta, na tukaambiwa tusahau. Sisi ni watu watiifu, tukasahau. Assani akaenda Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, akawa bosi wa mashimo. Israël akaokoka, akafungua kanisa Alunguli, akawa hafungui kamwe vifungo vya shati lake hata jua liwe kali namna gani. Twaibu akamwoa Rachida, wakamzaa Djuma na dada zake, akawa mtu wa samaki na wa msikiti. Chale za kifuani zikabaki kama mistari ya daftari la shule. Rachida alizoea kusema kwamba ndizo maandishi pekee aliyoyaleta kwenye ndoa.

Sasa tuje mwaka 2024. Piki-piki yenye kipaza sauti ilipita mitaani ikitangaza kwamba hospitalini kuna uchunguzi wa ini, bure, na kila atakayekuja atapewa fulana na sabuni. Mtangazaji alikuwa na shida na neno moja. Mara alisema "eksosomu", mara "kisosomu", na mtaa wa pili akaliacha kabisa, akabaki na sabuni.

"Baba Djuma, enda," Rachida alisema. "Tangu lini serikali ilikupa kitu?"

"Hawa haiko serikali. Ni wazungu."

"Basi njo vizuri zaidi. Sabuni itakuwa kubwa."

Twaibu akaenda kwa ajili ya sabuni. Hakusema, lakini kwa wiki kadhaa alikuwa akichoka bila sababu, na alipoinama kufunga mizigo ya samaki alihisi uzito chini ya mbavu za kuume. Alikuwa amekwisha kuutibu uzito huo kama malaria, kisha kama tifoidi, na ulikuwa umekataa zote mbili.

Hospitalini alipokelewa na Dokta Jérémie, mtoto wa Kindu aliyesoma mbali akafanya kosa la kurudi nyumbani. Dokta alikuwa mpole, mwenye miwani, na mwenye imani kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa. Imani hiyo tulimvumilia.

"Muzee Twaibu," alisema, "kila chembe ya mwili wako inatoa vifuko vidogo, vidogo sana, inaviacha kwa damu. Darubini ya hapa haiwezi kuviona. Njo tunaita eksosomu. Ndani ya kifuko, chembe inaweka habari zake, inapelekea chembe zingine. Sasa, chembe ya ini yenye saratani nayo inatuma vifuko vyake, na habari zake si kama za chembe nzima. Tunatafuta kujua kama tunaweza kusoma hizo habari mapema, mbele ya tumbo kuvimba."

Twaibu alifikiri. "Kumbe ini langu linasengenya."

"Njo vile."

"Na ninyi munasikiliza."

"Wenzetu wa Ulaya njo wako na masikio," Dokta akakiri. "Sisi hapa tuko na friji."

Wakamtoa damu. Tone moja walilitia kwenye kipimo kidogo cha papo hapo, na mstari ukajichora ambao Dokta hakuupenda. Akauliza kama aliwahi kuongezewa damu, au kuchomwa sindano na mtu asiyemjua, au kuchanjwa. Twaibu akafungua shati.

Dokta Jérémie alizitazama chale zile. Kisha akamweleza kwamba ana virusi vya hepatiti B, vinavyopita kwa damu, vinavyoweza kukaa kwenye ini miaka na miaka bila kelele, na kwa watu wengine ndivyo vinavyoleta saratani. Hakuweza kuapa kwamba ni wembe, alisema. Wengi huku hupata virusi hivyo tangu utotoni. Lakini kama angeombwa kubuni njia nzuri ya kuvieneza, asingebuni bora kuliko ile.

"Kwa hiyo risasi haikunipata," Twaibu alisema polepole, "lakini dawa ya risasi ilinipata."

Alirudi nyumbani na sabuni, na fulana iliyoandikwa LINDA INI LAKO. Rachida alipimwa pia na watoto wote. Yeye alikutwa virusi vilikwisha kupita mwilini mwake na kufukuzwa. Hakuna aliyeshangaa, wageni wengi walikwisha kushindwa kukaa na Rachida. Watoto walikuwa salama.

Damu ya Twaibu ikawekwa katika chupa ndogo, ikazungukwa na barafu, ikapewa karatasi zake zote. Ikapanda ndeke, yaani eropleni, hadi Kinshasa, ikabadilisha ndeke, ikaingia Ulaya bila mtu kuiuliza inakwenda kwa nani na itarudi lini. Msikitini Twaibu aliwaambia wenzake kwamba damu yake imepata viza. Vijana wawili walimfuata nje wakataka kujua barafu ile inauma kiasi gani, na kama mtu mzima anaweza kuenea katika sanduku lake.

Miezi ikapita. Vita vingine vikaja, maana hatukai bila. Mwanzoni mwa 2025 Goma ikaanguka, kisha Bukavu. Siku moja asubuhi Dokta Jérémie akaonekana sokoni. Dokta akija kwako mwenyewe, hana habari ya sabuni.

"Majibu ya Ulaya yametoka," alisema, akikaa juu ya gunia. "Eksosomu zako zinafanana na za watu wenye saratani ya ini. Kipimo cha kawaida cha damu kinasema hakuna kitu. Lakini nikuambie ukweli: hii ya eksosomu ni utafiti bado, haiko hukumu. Inaweza kukosea. Sitaki kukuficha, na sitaki kukutia woga."

"Umeshindwa moja," Twaibu akasema.

Wakamlaza kwenye eko, ile mashine ya kutazama tumboni, umeme uliporudi. Ilionyesha kivuli ambacho kingeweza kuwa kitu, au kingeweza kuwa ni mashine yenyewe inazeeka. Ilihitajika skana. Skana ya karibu ilikuwa upande wa vita. Iliyobaki ilikuwa Kinshasa. Dokta akawaandikia wakubwa wa mradi, nao wakajibu haraka kwamba wamesikitika sana. Kusikitika kulikuwamo katika bajeti. Safari ya mgonjwa haikuwamo.

Rachida alimfuata Dokta hadi ofisini kwake. "Nielewe vizuri, Dokta. Damu ya mume wangu iliruka bure mpaka Ulaya. Na huyu, chupa yenyewe ilimotoka damu, yeye njo hana nafasi?"

Dokta alitazama viatu vyake. Siku ya pili alileta mchango wake mwenyewe wa safari. Rachida akauza friji la samaki, ambalo kwa umeme wa Kindu lilikuwa kabati lenye mlango mzito. Msikiti ukachanga. Ndugu ambao hawakuwahi kulipia samaki walikuja kuchangia, jambo lililomtisha Twaibu kuliko ugonjwa.

Asubuhi ya kuondoka aliketi ukingoni mwa Lualaba, akitazama mitumbwi ikivusha watu wenye baiskeli na kuku, watu wasio na kivuli chochote kwenye ini. Rachida akaja kumwita.

"Mama Djuma," alisema, "mimi naogopa. Sitaki kufia Kinshasa. Kule hawajui hata kutamka jina langu."

"Basi usife," Rachida akasema. "Nani alikutuma ufe? Nimekuambia enda ukapigwe picha, urudi." Kisha akaketi kando yake, akamshika mkono, wakakaa hivyo hadi piki-piki ya uwanja wa ndeke ilipopiga honi.

Kinshasa, picha ilionyesha uvimbe mmoja, mdogo kama chikichi, umekaa pembeni mwa ini kwa adabu kabisa, bila kugusa mshipa mkubwa. Wakamlaza, wakamfungua, wakaukata. Daktari wa upasuaji, mzee mwenye sauti nzito, alimwambia alipozinduka: "Watu wa kwenu tunawapokea tumbo limejaa maji, macho ya manjano, tunawarudishia ndugu zao maneno mazuri. Wewe umekuja mapema mno. Umetuharibia desturi."

Twaibu akarudi Kindu mwembamba, na kovu jipya refu lililofanya chale za zamani zionekane kama mzaha. Akapewa vidonge vya kila siku vya kuvilaza virusi, na amri ya kurudi kwenye eko mara kwa mara. Akamuuliza Dokta Jérémie kama vile vifuko, kwa kuwa vinajua njia za mwilini, haviwezi kubebeshwa dawa vikaipeleka kwenye saratani moja kwa moja.

"Wanajaribu," Dokta akasema, akifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Kwa panya inaonyesha matumaini. Kwa watu bado sana. Tena vifuko hivyo hivyo vinaweza kusaidia saratani kusambaa na kuizoea dawa. Haviko marafiki wa muntu."

"Wakimaliza na panya, uniambie. Na uulize kama huyo panya alikuwa anakaa Kindu."

Kisha Dokta akamuuliza jambo lililomnyima raha: "Kwa ule mustari wa wembe, mulikuwa nani na nani?"

Twaibu alikumbuka nyuso zaidi ya majina. Alianza na zile alizojua zilipo. Alipanda piki-piki hadi Kama, njia iliyomtikisa kovu lake hadi akajuta kuzaliwa. Alimkuta Assani kando ya shimo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama mfalme wa matope, mikono imekonda na tumbo limetangulia mbele. Twaibu alilitazama tumbo lile, akajua. Alikwisha kuona matumbo kama hayo hospitalini Kinshasa.

"Kaka Assani, twende Kindu wakakupime. Ule wembe ulikuwa na ugonjwa."

Assani akacheka hadi akakohoa. "Ule wembe? Ule njo ulikuacha muzima, mupishi wangu! Kama unaumwa, ni kwa sababu uligeuka nyuma."

"Tumbo lako liko namna gani?"

"Hili ni pesa. Muko na wivu tu."

Twaibu alibembeleza hadi walinzi wa Assani wakaanza kumtazama vibaya. Mwishoni alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Kaka, usipokwenda utakufa." Akapanda piki-piki, akarudi.

Kwa Israël hakufanikiwa zaidi. Mchungaji alimpokea vizuri, akamkalisha, akamsikiliza, kisha akainua mikono. "Mambo ya msitu yalioshwa zamani kwa damu ya Mwokozi."

"Ni sawa, Pasta," Twaibu akajibu. "Ila hii iko kwa damu yako wewe."

Israël akamwombea na kumsindikiza hadi mlangoni, kifungo cha juu kimefungwa.

Haukupita muda mrefu Assani akaletwa Alunguli kwa ndugu zake, amelazwa nyuma ya gari la mizigo, macho manjano, na akafariki wiki hiyo hiyo. Tukamzika mchana, na matanga yakakaa. Bila shaka ndugu walikuwa wamekwisha kufanya uchunguzi wao, ambao haukuhitaji eko wala ndeke. Twaibu alipoingia uani kutoa pole, Kitenge, mdogo wa marehemu Assani, akasimama.

"Huyu hapa!" alisema. "Alikuja Kama, akatazama tumbo la kaka, akasema utakufa. Na amekufa. Muntu anajua kifo cha mwenzake namna gani, kama haiko yeye anakileta?"

Ilikuwa hoja safi, isiyo na tundu, na uani mzima ukaipenda. Vijana wakainuka. Mmoja aliokota gongo la kuni. Twaibu alijaribu kueleza kuhusu virusi, akaona maneno yake yanaanguka chini kama majani. Rachida, aliyekuwa na wanawake upande wa pili, akapita katikati yao na kusimama mbele ya mumewe.

"Mulozi?" alisema. "Huyu? Angekuwa na uwezo wa kuua kwa maneno, mimi ningekuwa nimezikwa siku ya pili ya ndoa!"

Wachache walicheka, lakini gongo halikushuka. Hapo ndipo Pasta Israël, aliyekuja matanga kama jirani na kuketi kwenye kiti cha wakubwa, akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe limefungwa hadi kooni. Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, na waumini wake waliokuwapo wakadhani amepatwa na roho.

Alibaki kifua wazi. Chale zilikuwa pale pale, nyeusi.

"Nilichanjwa na wembe ule ule," alisema. "Mbele ya Twaibu. Nimewahubiria miaka yote bila kuwaambia. Juma hili nilikwenda kupimwa kwa siri, kupitia mlango wa nyuma wa lopitalo. Ugonjwa niko nao. Mimi sikurogwa, na Assani hakurogwa. Twaibu alifanya safari, ametoka kupasuliwa, kuja kutuokoa. Sisi tulimufukuza, mumoja kwa kicheko na mumoja kwa maombi."

Kisha nikaona jambo ambalo sijalisahau: hapa na pale uani, wanaume wa umri ule, mwenye duka, mwalimu, fundi wa redio, watu ambao hakuna aliyewahi kusema walikuwa msituni, wakapeleka mikono vifuani mwao, juu ya mashati, bila kujua kwamba wanaonekana. Kitenge naye. Gongo likarudishwa kwenye kuni, kwa kuwa chai ilikuwa bado kuchemka.

Wiki iliyofuata walianza kufika hospitalini, kwanza mmoja mmoja, wakidai wamekuja kumwona mgonjwa, kisha kwa makundi kutoka Kama na vijiji vya njiani. Dokta Jérémie alifanya kazi kwa furaha siku mbili, halafu vipimo vikaisha. Vingine vilikuwa njiani, ndeke ikipata mafuta. Kwa Israël vidonge vilipatikana. Eko ya Twaibu ilisoma safi, na Dokta akasema "safi mpaka leo", maana ni mtu asiyeweza kukupa zawadi bila kukata kona yake.

Waliotoka Kama hawakuwa na pa kulala, na kurudi bila kupimwa waliogopa kuliko walivyowahi kuogopa risasi. Twaibu akawakaribisha uani kwake bila kumuuliza mwenye uani. Rachida alirudi kutoka sokoni akakuta wapiganaji wazee wamejaa chini ya ukuta, wamevua viatu, wamekaa kimya kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Akabandika sufuria kubwa, akasonga bugali, akapika sombe.

"Wakati wa vita mulikuwa munakula vya watu kwa bunduki," alisema, mwiko mkononi. "Leo muombe vizuri."

Wakaomba vizuri. Akawapakulia, wakapokea sombe ile mkononi mwa mwanamke, naye akimnung'unikia Twaibu kuhusu bei ya unga, na mzee mmoja akauliza kwa adabu kama kuna pilipili.